Tumeifungua Mashine ya Manseba

Kolwezi, Dilala
Tarehe 6 Oktoba 2023

Mpendwa Yaya Rémy, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Hujambo huko Charleroi? Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi yangu Mignonne, kile kikohozi cha baridi kimemwachia, au bado anakataa kuvaa kofia kwa sababu inamharibia nywele?

Sisi tu wazima, Mungu asifiwe. Mama yetu anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana alimfukuza muuza makaa mlangoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baba Darlène bado yuko kazini, anarudi na vumbi jekundu hadi kwenye masikio.

Barua hii inaletwa na Tata Mukendi wa parokia yetu pamoja na samaki wakavu wa ziwa Nzilo. Nimewahesabu, kwa hiyo usijidanganye kwamba wifi hatajua. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningecheka, ningezunguka, na neno lenyewe lingebaki mdomoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliniuliza kama ununue kompyuta nyingine ya aina ile ile, ya bei nafuu, kwa ajili ya Hénock wa mdogo wetu. Nitakujibu. Kwanza sharti nikueleze kwamba binti yangu Darlène alikaribia kupoteza mwaka mzima wa masomo, na kosa lilikuwa langu.

Unakumbuka mashine uliyomtumia ilivyofika mwezi wa pili. Nyumba nzima ilisimama. Tuliiombea, tukanywa soda, nikaiweka sebuleni na kuifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kile cheupe cha wageni. Kisha nikatangaza mbele ya wote: hiki ni kitu cha manseba. Wewe ni kaka yangu wa tumbo moja, ndiwe mjomba wa huyu mtoto, na kwetu unajua zawadi ya manseba haichezewi. Nikasema asiguse mtu msumari wake wa skrubu hata mmoja bila wewe kupewa habari.

Na mashine ni nzuri, Yaya, lazima niseme. Kioo chake kinang'aa, nyepesi kama sahani, na umeme ukikatika inaendelea kufanya kazi kwa saa nne nzima kana kwamba haijasikia. Mimi nimeandika barua zote za chama cha akina mama humo, haijawahi kunisumbua.

Lakini Darlène haandiki barua. Kazi yake ya mwisho pale chuoni kwenye topografia, upimaji wa ardhi, ilikuwa kuchora ukuta mmoja wa shimo la zamani la mgodi upande wa Mashamba, kwa vipimo alivyokwenda kuvichukua mwenyewe juani, maelfu kwa maelfu. Akifungua mchoro, mashine inasimama. Mshale haujongei. Anazima, anawasha, anafungua, inasimama tena.

Mimi, mjuaji wa nyumba, nikasema imejaa. Nikamwamuru afute nyimbo zote za kwaya na video zote za harusi, hata ile nilipocheza vizuri. Alifuta siku nzima bila kubisha. Mashine ikasimama pale pale. Ndipo akaniambia kwa upole kwamba ghala la mashine halina shida, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ndiyo ndogo: “Mama, haiko disque. Ni mémoire njo iko kidogo. Iko giga ine tu.” Akaomba aipeleke Manika kwa mafundi.

Nikakataa. Sikutaka iwe imefunguliwa bila wewe kujua, na sikutaka kukujulisha. Ningekuandikia nini? Kwamba kitu ulichokitolea jasho hakitoshi? Niliona aibu kuonekana sisi ni watu wasioshiba. Nikanyamaza, huku kazi ikitakiwa chuoni Jumatatu tarehe 25 Septemba. Asipoipeleka siku hiyo, anarudia mwaka, na ofisi ya wapimaji iliyokuwa imemwekea nafasi inamchukua mwingine. Nilijua yote hayo, na bado kitambaa kilikaa juu ya mashine.

Sasa sikiliza alichofanya mpwa wako. Hakulia, hakununa. Aliukata ukuta vipande kumi na vinne. Kila kipande alikifanya peke yake. Alifunga kila kitu kingine ndani ya mashine, hata ile picha nzuri ya maua nyuma, kisha anamaliza, anazima, anawasha, anaingia kipande kinachofuata. Siku tisa za namna hiyo, na bado ilikuwa ikisimama mara kwa mara. Nilikuwa napita na ndoo yangu ya maji nikijifanya sitazami, na moyoni najiuliza huyu mtoto amerithi uvumilivu huu wapi, maana kwangu haupo, na kwa baba yake ndiyo kabisa.

Ijumaa vipande vyote vilikuwa tayari. Ila profesa anataka ukuta mmoja, mzima. Alipoviunganisha, mashine ikasimama. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, labda twende Manika. Akanijibu, “Hapana, mama. Mi sitafungua mashini ya manseba. Nitaenda ku jury ya baprofesa na bipande yangu, banitukane banavyotaka.”

Yaya, hapo nilijiona mjinga. Nilikuwa nimemfundisha heshima hadi amekuwa tayari kuanguka kwa ajili yake. Jumamosi asubuhi yeye akiwa kisimani, nilivuta kitambaa, nikaifunga mashine kwenye liputa langu la kitenge mgongoni kama mtoto mchanga, nikapanda pikipiki ya taxi-moto. Dereva aliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia saba.

Kule Manika yuko fundi msichana, jina lake Falonne, anakaa nyuma ya kibanda cha kuuza vocha. Mwanamke huyo ningependa umwone. Vidole vyake havina haraka. Aliondoa misumari kumi, akaipanga juu ya kifuniko cha kopo la maziwa kwa mpangilio ule ule iliyotoka, akafungua, akacheka. “Mama, hii mashini haiko mubaya. Tazama, banaacha nafasi moja wazi.” Kweli, kulikuwa na nafasi mbili, moja ina kitu, nyingine tupu, safi, inangoja.

Nilimwuliza, sasa ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye katoni ni ya nini? Akasema, “Ile ni disque. Unga iko mingi ku nyumba, lakini mbabula ya kupikia iko moja tu, na bageni njo bale banaingia.” Nikaelewa mara moja: disque ni ghala, mémoire ni jiko. Akachukua barrette, kibao kidogo cha mémoire, cha giga nane kutoka kwenye mashine iliyokufa, akaibonyeza kwenye nafasi ile mpaka ikalia tak, akafunga. Sikumaliza hata soda yangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Kwa bei wanayotoza, watengenezaji wangeweza kabisa kuweka giga nane, lakini wanabana mahali ambapo mnunuzi hatazami. Mashine yenye nne ni ya mtu kama mimi na barua zangu. Ukimnunulia Hénock, uliza mémoire kwanza, kabla ya kuuliza rangi, na uliza kama ndani kuna nafasi ya kuongeza, maana Falonne anasema nyingine zimechomelewa na hazipokei kitu. Usione haya kuuliza. Aibu yangu umeshaisikia.

Nilipofika nyumbani, Darlène aliiona misumari inang'aa, akaniangalia. Aliketi, akafungua. Ukuta wa Mashamba ukatokea wote, kuanzia juu hadi chini, akauzungusha kwa kidole, na mimi nikapiga kigelegele hadi Mama akatoka chumbani akidhani kuna msiba.

Kazi ilifika Jumatatu. Jumamosi iliyopita aliitetea mbele ya jury, akapata distinction, alama za juu. Jumatatu hii ameanza kwa wapimaji.

Neno moja limebaki. Nimekutumia nakala ya kazi hiyo ndani ya bahasha. Yote ni Kifaransa, lakini ukurasa wa kwanza ameuandika kwa Kiswahili ili Mama aweze kusomewa: “Kwa manseba wangu Rémy, aliyenipa mashine isiyopungukiwa na kitu.” Tazama tarehe chini yake. Ni Alhamisi tarehe 21, siku mbili kabla ya mimi kwenda kwa Falonne. Siku hiyo mashine ilikuwa imesimama mara sita mbele ya macho yangu.

Nisamehe kwa kuifungua, Yaya. Yeye hana cha kusamehewa.

Msalimie wifi Mignonne, watoto, na Tata Ngeleka mkimwona kanisani. Mama anakubariki kwa mikono yote miwili, na anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko kwenye baridi na auimarishe mgongo wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa unanibeba,
Charlotte