Maua Yaliyotupwa Maporomokoni

Mbozi, Jumatatu

Mwanangu mpendwa Osea,

Pokea salamu huko Kitwe. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Kahawa imeiva kwa pamoja, na tangu mama yako apumzike sina wa kunisaidia kuianika.

Jana, baada ya ibada, nilimpeleka binti yako Witness kwenye maporomoko uliyoahidi kumwonyesha Pasaka, kisha Krismasi, kisha Pasaka nyingine. Tulifuata kijito msituni taratibu, yeye akitangulia na kunipa mkono penye utelezi.

Tulipofika aliyatazama maji, kisha akauliza, "Babu, baba anatuchukia?"

"Hapana, mjukuu wangu."

"Mbona baba yake Erica huja, naye yuko Kitwe hukohuko?"

Uniwie radhi, mwanangu. Nilitafuta jibu ambalo halingemfanya ajione ana kasoro, nikapata moja tu. Nilimwambia kuwa umefariki.

Alilia sana. Kisha akachuma maua ya porini, akayatupa majini, na wakati wa kurudi alikuwa akiimba. Leo asubuhi mke wako Fortunata amemnyoa nywele, kama anavyonyolewa mtoto aliyefiwa. Hakunilaumu, aliniomba wembe tu.

Unaandika kwamba safari hii umekwisha kukata tiketi ya basi. Nakusihi kwa heshima zote uirudishe. Mtoto amemaliza kukulilia, nami simtakii alie mara ya pili.

Ukae kwa amani huko uliko.

Ni mimi baba yako,
Luka Nzowa