Keki ya Mama Furaha

Ijumaa, 19 Desemba

Keki ya mwisho iko jikoni. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, mimi kwenye cherehani. Ndizi za soko la Kanama zimeiva vizuri, hata sukari nimepunguza. Sketi mbili bado hazina zipu. Faustin analalamika kwamba wateja wanakula keki na mume ananusa tu. Nimempa ukoko, kanyamaza. Nafanya hivi kila Noeli tangu nifungue duka la kushona. Mtu aliyeniletea vitenge mwaka mzima asiondoke na ahsante ya mdomo tu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimegawa zote. Miguu inauma. Kila nyumba nimekata kipande nikala kwanza mbele yao. Hapa watu wanaogopa sumu, chakula kilichofungwa hakiliwi hivihivi. Karagwe nilikozaliwa hatukuwa na haya. Siku hizi nafanya bila kufikiri.

Mama Furaha tu hakunipa nafasi. Alikuwa anauza sambaza, dagaa wa ziwani, wateja wamejaa. "Acha tu, mi nakuamini." Akaitia kikapuni. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ndiye mteja wangu wa kwanza kabisa Gisenyi.

Jumapili, 21 Desemba

Mama Furaha yuko hospitali. Nimesikia baada ya misa. Jana jioni alikula keki na chai, akalala. Asubuhi anatapika, kashika tumbo.

Mayai? Yalikuwa mazima, niliyapasua moja moja. Unga? Ni uleule wa keki zote. Mimi na Faustin tumekula, hatuna neno. Nimeyarudia haya kichwani mpaka chakula kimenishinda.

Nilitaka kwenda kumwona. Faustin kanizuia mlangoni. Akifa nikiwa pale, watasema nimekuja kumalizia kazi.

Jumatatu, 22 Desemba

Asubuhi kaja mwalimu, jirani yetu, mteja wa siku nyingi. Anataka kitenge chake. Hakijashonwa. Kasema kabadili mawazo. Hakuniangalia. Baada yake wengine. Kwenye kundi la simu la wanawake wa soko kuna ujumbe wa sauti: mujiangalie na keki za yule mushonaji. Jina halikutajwa. Hakuna haja. Keki yangu moja nimeiona mtaroni, imepungua kile kipande nilichokula mimi tu, na utepe wake.

Mchana kaja Espérance, dada yake Mama Furaha, anayekaa Goma. Kasimama mlangoni, watu nyuma yake. Mkononi bakuli, ndani kipande kilichobaki.

"Dada yangu alikula keki yako, sasa iko ku hopitali. Ulitiamo nini?"

"Ndizi, unga, mayai. Kitu kingine hakuna."

"Bon. Kama iko muzuri, kula. Kula tuone."

Kipande kile kiliondoka kwangu juzi. Sijui kilipita mikono ya nani. Naandika ukweli: niliogopa mkono wake kama wao wanavyoogopa wangu. Nikala. Chote. Kilikuwa kikavu, kikanikwama kooni. Hakuna aliyeniletea maji. Waliniangalia, wakangoja, kisha wakatawanyika kama watu waliokosa walichokifuata.

Jumanne, 23 Desemba

Niko hai. Kitu cha kwanza asubuhi nimejigusa tumbo.

Hakuna aliyekuja kuniuliza hali. Nimekaa kwenye cherehani, sishoni. Nawachukia. Wote. Na nikifunga duka hili sina pa kwenda.

Alasiri simu ikalia. Espérance.

"Docteur alimupasua. Ni apandisiti. Ilikuwa imepasuka ndani."

"Kidole tumbo? Atapona?"

"Anasema atapona. Donc... ni vile."

Akakata. Hata pole hakuna. Nimelia kwa sauti mpaka Faustin kadhani mgonjwa kafa.

Jumatano, 24 Desemba

Wamerudi. Wanataka nguo za kesho, kama vile wiki hii haikuwapo. Mwalimu kaja na kitenge chake, anacheka. "Unajua watu na midomo yao." Nimemwambia sina nafasi. Nafasi ipo. Nilisikia raha.

Wengine nimewashonea. Hela ya mkaa inatakiwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimekwenda hospitali mikono mitupu. Mama Furaha kakonda uso, sauti imekuwa ndogo. Hajui lolote. Hawajamwambia.

"Keki ilikuwa muzuri," kasema. "Nilikata kipande kubwa, nikakula na chai."

Espérance alikuwa kwenye mkeka, kando ya kitanda. Akaangalia sakafu. Maneno nilikuwa nayo, yote, nimeyapanga njia nzima. Sikuyasema. Si kwa wema. Nilimwona Mama Furaha alivyolala, nikachoka.

Kisha akaanza habari ya gauni lake la Mwaka Mpya. "Nimekonda, itanikuwa kubwa. Unipime." Nimemwambia apone kwanza. Hataki. Tepu nimeiacha dukani, nikampima kwa shubiri, taratibu, mbali na kidonda. Espérance akainuka bila kuambiwa, akashika mpira wa dripu usinizuie. Bega. Kifua. Kiuno. Nilipozunguka kitanda, naye akausogeza mpira, akanipisha.