Mama Yuko Kwako

Kongo, Kawangware
Jumamosi, 3 Februari 2024

Kwako Trizah,

Sasa, mdogo wangu? Sisi hapa wazima, ni kifua tu kinanisumbua na hii vumbi. Wewe na makaa yako mnaendeleaje? Na Mama, macho bado yana ukungu? Naandika karatasi kwa sababu nikipiga simu hushiki, na Murunga fundi wa viatu anakuja huko Silanga, atakuletea.

Nitasema wazi: nina wivu. Mama ametoka Kimilili kungoja operesheni ya macho, mimi nikanunua godoro jipya, nikapaka chumba rangi. Akakaa siku nne tu. Jumatano akaamka, ati umchukue, anataka kukaa kwa Trizah. Kwa Trizah! Chumba kimoja, kitanda kimoja, mtaro mlangoni. Wewe ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi ya binamu yetu Khamala! Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Mimi ndiye nimeokoka. Kila Ijumaa nafunga nikiyaombea hayo macho. Na juzi Everlyne wa kikundi chetu akaniuliza mbele ya watu, "Kwani mama yako alikukimbia?" Nilitamani ardhi inimeze.

Ulimwambia nini? Mrudishe Jumapili ya tarehe kumi na moja, kikundi kinakuja kumwombea.

Dada yako mkubwa,
Nasambu


Silanga, Kibera
Ijumaa, 9 Februari 2024

Dada Nasambu,

Salamu nyingi. Pole na kifua, chemsha tangawizi. Sisi tuko sawa, Mama amekula ugali na mrenda akamaliza, na anakusalimia. Operesheni ni tarehe ishirini na moja Machi.

Harudi, Dada. Nimemuuliza mara tatu. Sikutaka kukwambia sababu, ndiyo maana sikuwa nashika simu, lakini umeuliza.

Mama siku hizi mkojo unamponyoka. Ile Jumanne kikundi kilikuwa kwako, kiti kikalowa. Wewe uliona. Ukachukua kile kitambaa chako kilichoshonwa mstari wa Biblia, ukamfunika nacho mapajani, ukaanzisha wimbo mwingine. Nyimbo tano, Dada. Halafu maombi, halafu chai. Mama alikaa kwa huo ubaridi mpaka wageni wakasimama. Hata hapo ulimwekea maji kwa beseni ukaenda kuwasindikiza. Haoni vizuri, alijiosha kwa kupapasa.

Alipofika hapa alilia, nikamwosha. Mimi sijui kuomba kama wewe. Asubuhi nageuza godoro, nafua, naanika, naenda kufungua kibanda cha makaa. Basi.

Usitume watu. Ukitaka, kuja wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Trizah


Kongo, Kawangware
Jumamosi, 10 Februari 2024

Trizah,

Leo sina salamu. Kwa hivyo mimi ni mnafiki? Si useme tu! Ulitaka nifanye nini, nimwinue Everlyne akiangalia, kanisa lote lijue Mama amejikojolea? Nilimsitiri! Na wewe huko unamwosha unajiona malaika. Haya, kaa naye. Kaa naye na sifa zako.

Nasambu


Chumbani kwako, Silanga
Jumamosi, 16 Machi 2024

Mdogo wangu Trizah,

Hujambo? Mimi sijambo, kifua kimepoa. Umeenda kuchukua makaa, jirani yako Seline ndiye amenifungulia. Wiki tano nimenuna, na wivu haujaisha, nisikudanganye. Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga kichwani, ya kukuambia wewe na ya kumwambia Mama.

Nimempata amelowa. Sikusema kitu, hata salamu, kwa sababu nikifungua mdomo ningeanza kujitetea. Nimevua sare ya kanisa, nikajifunga leso yako. Nikapasha maji. Nikamwosha mgongo, mapaja, kila mahali. Trizah, amekonda hivi na sikujua! Siku nne alikuwa kwangu na sikuwahi kumgusa, ila kumwekea mkono kichwani nikiomba. Nimefua shuka mbili na blanketi, ziko kwa kamba.

Nilipomaliza kumvisha akanishika mkono, akasema, "Trizah mwanangu, Mungu akubariki."

Wewe! Roho iliniuma, sijawahi kuumwa hivyo. Nilitaka kumwambia, Mama, ni mimi, ni Nasambu, kifungua mimba wako, haya yote nimefanya mimi! Mdomo ulikuwa umefunguka kabisa.

Nikaitika polepole, "Ee, Mama." Akalala.

Jumanne ukienda kuchukua makaa niachie ufunguo kwa Seline. Na Mama akikushukuru jioni, wewe itika tu.

Dada yako,
Nasambu