Pistoni Uliyoikereza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, pamoja na wifi na watoto. Yule mdogo ameshaota meno? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo hauumwi hata kidogo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Baba tangu astaafu kiwandani hakai sebuleni. Mashine yake ya kukereza vyuma bado iko stoo, pembeni ya jiko, na Mama analalamika kila siku kwamba anaokota chembe za shaba kwenye sufuria. Bado anatengeneza zile injini ndogo za kuenea kiganjani, zinazozunguka kwa upepo wa pampu ya baiskeli.

Sasa kaa vizuri: ananifundisha mimi. Nilimwomba mwaka mzima. Alisema nina papara, nikamjibu kwamba nimerithi. Mwishowe alichoka, akanipa aproni. Nimeharibu pistoni sita, Kaka. Ya saba ilikubali. Unakumbuka jaribio lake: unaitia pistoni ndani ya silinda, unaziba tundu la chini kwa kidole, ibaki juu; ukiachia, ishuke taratibu. Yangu ilishuka kama mtu mnene anayeteremka ngazi. Nilipiga vigelegele, Mama akaja mbio akidhani nimekatika kidole.

Kwa furaha nikachukua kitambaa na dawa ya meno ili niing'arishe. Baba alinidaka mkono. Alinieleza kwa upole, ndiyo, kwa upole, uzee umemlainisha, kwamba pistoni haitafuti urembo. Ukiisugua inapungua, na ikipungua hata kwa unene wa unywele, upepo unapita pembeni na injini haizunguki.

Nilikaa chini, palepale sakafuni.

Kaka, nilikumbuka siku ile ulipokuwa na miaka kumi na tisa, Baba alipokuachia ukereze pistoni ya injini yake kubwa kuliko zote, akawaalika mafundi wenzake waje kuiona. Ilipopigwa pampu ikatoa mluzi tu. Uliapa kwamba jana yake uliijaribu na ilikuwa sawa. Baba akasema mbele ya wote kwamba mikono yako inafaa kushika kijiko tu. Ulitundika aproni ukaondoka, na miaka kumi na miwili sasa salamu zako kwa Baba zinapitia kwangu.

Niliyeiharibu ni mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikwenda kuoga, ukaiacha kwenye kisahani. Kiherehere kikanipanda. Nilitaka wageni waone kazi ya kaka yangu inang'aa, nikaisugua kwa dawa ya meno mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Nilikuwa na miaka kumi, sikujua kwamba ni kosa. Wakati unafokewa, mimi nilijifariji kwamba angalau imeng'aa. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nilimwambia Baba saa ileile. Alizima mashine. Aliniuliza niliisugua kwa muda gani, nikamjibu mpaka dawa ilipoisha. Akatoka nje, akakaa uani mpaka chakula kikapoa. Aliporudi aliniagiza nikuandikie kwamba pistoni yako ilikuwa sawa. Nilimjibu, kwa heshima zote, kwamba sehemu yangu nitaiandika, ila hiyo ni yake. Mama akaitikia amina kutoka jikoni. Kwa hiyo nimemwachia nafasi hapa chini, na bahasha ataifunga mwenyewe. Sijui ataandika nini, au kama ataandika.

Nisamehe, Kaka. Sikukusudia, lakini uliyeumia ni wewe. Ukinikasirikia una haki. Ila njoo unikasirikie hapa nyumbani, nikuone. Nimekukosa sana.

Mama anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Mimi mdogo wako,
Kiherehere

Mwanangu,
Nilikuaibisha mbele ya mafundi wenzangu. Taja siku utakayokuja, niwaite walewale, wanisikie nikikuomba radhi.
Baba yako