Zulia Liko Kwenye Lori la Farasi

Baba Watoto,

Usilitafute zulia la sebuleni, hatujaibiwa. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, pasha tu. Kitinda mimba anywe dawa, hata akilia.

Yule farasi jike mwekundu, uliyesema atapanda lori siku kuku akiota meno, amepanda. Kumbe lori lenyewe halimtishi. Alikuwa anaogopa mlio wa ule ubao wa kupandia chini ya kwato zake. Nikautandikia zulia, likaingia mpaka ndani ya lori. Akalinusa, akapanda kwa madaha kama bibi harusi. Nikamwambia "nyuma", akashuka kinyumenyume, polepole, bila kuruka. Tumerudia mpaka nikawa nacheka peke yangu kama chizi. Leo anafika kwa daktari, na lile jicho lake linalouma litaokolewa.

Sasa, mama yako anakuja jioni, na zulia ni zawadi yake. ~~Mwambie limepelekwa kufuliwa.~~ Hapana, mwambie ukweli, ila mpe chai kwanza.

Nimetoka kuchungulia lori kabla ya kuondoka. Mwambie tu limepelekwa kufuliwa. Si uongo tena.

Mama Watoto