Matoleo Mawili ya Albamu Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimekata majani. Saa nne albamu ikamaliza kupakuliwa. Mtandao wa huku Marangu hauna haraka. Ni roki ile ile niliyokuwa nayo kwenye kaseti enzi za upagazi wa mlimani, sasa imetolewa upya kwa ubora wa juu kabisa. Nimeisikiliza mara mbili kwa hedifoni. Safi. Kila chombo mahali pake.

Alhamisi, 6 Machi
Felix, kaka wa mke wangu, amepanda kutoka Moshi. Ni fundi redio. Anasema najidanganya, sikio langu haliwezi kutofautisha toleo jipya na la zamani. Nimemwambia aje Jumamosi na hilo la zamani kwenye simu yake, anijaribu. Yeye apige, mimi nitaje. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshindwa. Mara kumi, nimepatia nne. Felix hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Kisha mke wangu akavaa hedifoni. Anna, mtu wa kwaya ya usharika, anayeita roki kelele. Kapatia tisa. Felix akamuuliza anatambuaje.
"Hili jipya, matoazi yanalia kama manyunyu kwenye bati. Lile la zamani, manyunyu hayapo."
Mimi sikusikia manyunyu popote. Nimekasirika. Nimeenda kupogoa migomba mpaka giza.

Jumanne, 11 Machi
Nimeshuka mjini kupima masikio. Daktari ni binti mdogo, kaniamkia shikamoo kabla ya yote. Kanionyesha mchoro. Sauti nyembamba zimeondoka, sikio la kushoto zaidi. Hazirudi. Kaniuliza kazi nilizofanya. Nikamtajia miaka yangu kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Akaitikia kwa kichwa.
Naogopa. Basi, nimeandika.
Nimemwambia Anna jikoni. Nilitegemea aseme niache kununua hizi albamu zinazotolewa upya. Akaendelea kumenya ndizi, kisha:
"Nyingine inatoka lini?"

Jumapili, 16 Machi
Imetoka. Nimeinunua asubuhi kabla ya ibada. Felix kaleta waya wa kuunganisha hedifoni mbili. Tumekaa barazani, mimi na Anna. Gitaa zito na ngoma bado ninazo zote, hazijapungua. Kwenye matoazi, Anna ananigonga kwa kidole mkononi, taratibu, kwa mapigo yake.
Wimbo wa tano akaacha kugonga. Akafumba macho, akatabasamu. Sikujua amesikia nini. Nikangoja wimbo uishe, ndipo nikamuuliza.