Msumari Ulioingia Bila Nyundo

Kwako Yohana, uliyekuwa mchumba wangu,

Sijui nikuandikie wapi. Wapo wanaosema uko Korogwe, wapo wanaosema ulifika hadi Moshi. Basi barua hii nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, hapa juu ya Soni, ili anayekufahamu akufikishie, na asiyekufahamu naye asome aibu yangu.

Yohana, tangi la achari limetoboka! Hili la pili, tulilopewa baada ya wewe kuondoka. Nimefungua kiwanda chetu cha kijiji leo asubuhi baada ya siku nne za msiba wa mama yake Mwenyekiti, na unajua kwetu kukiwa na msiba hakuna anayeshika jembe wala chupa ya achari. Nimekuta sakafu imelowa. Nikainama, nikaona tone, tone, tone. Nikakaa hapo hapo kwenye maji ya chumvi.

Na ufunguo ninao mimi. Naufunga shingoni kwa uzi, hata nikioga siuvui. Hakuna mtu aliyeingia humo.

Unakumbuka siku tangi lile la kwanza liliposhushwa kwenye lori, likimetameta kama kioo, kijiji kizima tukapanga foleni kujitazama nyuso? Mama yangu alifunga kilemba upya mbele yake. Wewe peke yako ulinuna. Ulisema, "Hili ni la maziwa, si la chumvi. Ipo aina nyingine ya chuma hiki, imechanganywa madini ya kuvumilia chumvi. Tukiikosa, bora mapipa ya mbao." Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu. "Chuma kisichoshika kutu kitaogopa chumvi, Ndugu Fundi?" Nami nikacheka, tena kwa sauti, mimi mchumba wako.

Hukususa. Ulinifundisha kulitunza: achari isilale humo zaidi ya siku mbili, na tukishaitoa, nisuuze kwa maji matamu mara tatu, kisha nichovye kidole nionje yale ya mwisho. "Ulimi ukikuta chumvi, rudia," ulisema. "Kutu ya jembe utaiona inatambaa. Hii ya tangi huchagua kidoa kimoja, ikazama." Nilikuwa naonja, nasema bado, hata kama chumvi imekwisha, ili ukae na mimi kidogo. Sijui kama ulilijua hilo.

Kisha likavuja. Watu wakasema umelitoboa wewe, ili maneno yako yatimie. Hujuma! Siku hizi neno hilo likimgusa mtu, ameisha. Nikaitwa mbele ya mkutano kwa sababu ndimi niliyekukuta ndani ya tangi na msumari mkononi. Nikasema nilikuona nao. Mzee mmoja akauliza, "Na nyundo je?"

Nilijua jibu, Yohana. Lakini mchumba wa mhujumu naye ni mhujumu, nikaogopa. Nikatazama chini, nikasema, "Mimi niliona msumari." Hukunibishia. Ulisema tu, "Haya, Raheli," ukaenda kufunga mizigo, ukashuka Mombo juu ya lori la kabichi.

Leo, nilipokwisha kulimwaga, nimeingia ndani mwenyewe. Pale mashapo ya achari yalipotuama kuna madoa ya kahawia, madogo kama vichwa vya kiberiti. Nikachukua msumari, nikausukuma kwa kidole gumba. Ukaingia. Mungu wangu, ukaingia kama kwenye boga lililooza! Nilipiga yowe mpaka wenzangu wakaja mbio. Kumbe ulikuwa unatafuta ugonjwa, nasi tukasema wewe ndiye uliyeuleta. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo lingine: tangi lile la kwanza lilivuja baada ya msiba wa babu yangu. Siku tano achari ililala humo, na aliyepaswa kuitoa ni mimi. Hata wewe hukulisema hilo mkutanoni. Ulijua, ukanyamaza kwa ajili yangu.

Tayari nawasikia nje wanaulizana ufunguo anao nani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkutano ni kesho.

Kesho nitamwomba Mwenyekiti aingie ndani ya tangi, nimpe msumari, asukume kwa kidole chake mwenyewe. Wakinifukuza baada ya hapo, sawa. Siombi unirudie, sina uso huo. Ila yule mzee bado yupo, hukaa mstari wa mbele, na kabla hawajaniuliza lolote nitamgeukia nimjibu swali lake.

Hakuwa na nyundo.

Ubaki salama popote ulipo.

Mimi niliyekuwa mchumba wako,
Raheli